Benchi la Nyuma la Miss Loretta

Simu ililia Jumanne asubuhi, nikiwa jikoni kwangu hapa Black Rock, mtaa wa Buffalo, nachambua maharage. Alikuwa Mzee Wilondja, shemasi wetu wa zamani kule Louisville, mtu ambaye hanipigii simu ila kuna msiba. Hakusalimu kwa kirefu. "Feza," akasema, "ule mama yako wa benchi amekufa. Miss Loretta. Tutamuzika samedi, saa tano." Nikasema asante, Mzee, Jumamosi nitafika, nikaendelea kuchambua maharage, nikatupa mazima na kubakiza mabovu, mpaka binti yangu aliponitazama. Akaniuliza kwa Kiingereza nani amekufa. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ni mama mmoja wa kanisani, Mmarekani. Akauliza kama alikuwa ndugu yetu. Swali la kawaida, naye alikuwa ameshika simu yake mkononi akingoja jibu fupi. Nilimwambia aende kuandaa mfuko wake wa shule.

Nimevuka arobaini. Nina nyumba ya mbao yenye ghorofa moja, niliyoinunua kwa mzungu mmoja mzee ambaye watoto wake wote walikuwa wamehamia kwenye joto. Katika kanisa letu hapa Buffalo ninaitwa mbele kuketi na akina mama wakubwa, na ninakwenda, kwa sababu kukataa ni ufidhuli. Lakini kila ninapoketi pale mbele shingo yangu hutaka kugeuka kutazama nyuma, na wanangu wakiniuliza mama unatafuta nani, ninasema simtafuti mtu. Huo ni uongo mdogo. Mkubwa niliusema katika mwaka ninaotaka kuusimulia, mwaka wangu wa kwanza Marekani, nilipokuwa na miaka ishirini na minne na sina rafiki hata wa kuazimana naye sindano.

Mwaka ule, kule Louisville, nilifanya kazi katika chumba cha kufulia nguo cha nyumba moja ya kutunzia wazee. Nilikunja mashuka. Mashine zilinguruma kiasi kwamba hata ungekuwa na la kusema usingesikika, na mimi sikuwa nalo. Saa ya chakula Wamarekani weusi niliofanya nao kazi waliketi meza moja, wakanikaribisha kwa mkono, nikaketi nao siku mbili. Walizungumza haraka, wakicheka kabla mimi sijafika katikati ya sentensi, na siku ya tatu nilibeba bakuli langu la wali nikala nimesimama karibu na vikaushio, kwenye joto zuri. Hawakunikosea lolote. Siku ya kuandikishwa nilikuwa nimepewa fomu yenye viboksi vya rangi za watu, na dada wa ofisini akaniwekea kidole kwenye kiboksi cha weusi kabla sijauliza. Mimi kabla ya hapo sikuwa nimewahi kuwa mweusi. Nilikuwa Mbembe wa Kongo na nilikuwa mkimbizi, mambo mawili yaliyonitosha kabisa. Nilitia alama, na jioni ile chumbani, nikiwa nimekaa kwenye godoro ambalo mimi na mama yangu tulipewa na watu wa kanisa, nilijiuliza kama kiboksi kile kilinifanya jamaa ya wale wa meza ile, na kama ni hivyo, mbona nilikula peke yangu.

Kanisa lilikuwa la matofali mekundu, upande wa magharibi wa jiji, limejengwa kwa ajili ya umati. Wenyewe, Wamarekani weusi walioujenga ule ukuta kwa michango yao, walikuwa wamebaki hawafiki kumi, wote wazee, nao walisali asubuhi. Sisi Wakongomani tulipewa saa nane mchana. Basi la Jumapili lilipita mara moja kwa saa, kwa hiyo ama ufike mapema mno ama ukute wameshaanza, na mimi nilifika mapema. Ndivyo nilivyomkuta. Ibada yao ilikuwa imekwisha, wenzake wameondoka, naye ameketi peke yake kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, kofia ya rangi ya zabibu kichwani, mkoba magotini. Alikuwa akimngoja mjukuu wa dada yake, aliyemchukua kwa gari baada ya kazi, na kazi ile ilikwisha jioni. Nikaketi hatua moja kutoka kwake, kwa adabu.

"Kuna mtu hapo," akasema kwa Kiingereza cha polepole.

Nikatazama. Hapakuwa na mtu. Nikasogea.

"Hapo pia."

Nikasogea tena, mpaka nikakaribia kufika mwisho wa benchi, nikawaza labda ni mgonjwa, au labda hataki watu wa aina yetu. Akanitazama, akacheka kwa kifua. "Hapo ulipofika ni pa Verna," akasema. "Verna aligombana na kila mtu humu ndani, mpaka na mpiga kinanda, akahamia Indianapolis. Hatarudi. Keti vizuri, mwanangu. Jina lako nani?" Nikamwambia. Alilirudia mara mbili, polepole, kama anayeonja chumvi, na mara ya pili likawa sawasawa. Alikuwa mtu wa kwanza katika jiji lile kulitamka jina langu nikalitambua.

Basi kila Jumapili nikawa nafika mapema zaidi, na Miss Loretta akanifundisha kanisa lile benchi kwa benchi. Karibu yake, upande wa dirisha, palikuwa pa mumewe, Earl, na mbao pale ilikuwa imeng'aa mahali kiwiko chake kilipokuwa kikiegemea. Benchi la mbele yetu lilikuwa la ukoo mmoja wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara, baba na wanawe wanne. Kiwanda kilifungwa, wana wakafuata kazi Atlanta, baba akafa akiwangoja waje Krismasi. La upande wa pili lilikuwa la walimu watatu, wote dada, waliovaa glavu hata wakati wa joto. Wawili kati yao, waliokuwa na fedha, walihamia mashariki ya jiji, penye bustani, wakawa wanakuja Pasaka, kisha hawakuja. Familia mbili zilibomolewa nyumba barabara kuu ipite. Wazee wao wote walikuja kwa treni kutoka Alabama na Mississippi, wajukuu wakaondoka kwa magari yao wenyewe. "Wengine walifukuzwa," alisema, "wengine walipata heri kwingine. Ukiwa umekaa hapa kwenye benchi huoni tofauti." Kisha watu wa ibada yetu wangeanza kuingia, akina mama na vitenge na watoto mgongoni, nao wangeketi wasijue wameketi juu ya nani, na Miss Loretta angenong'ona, "Yule amekaa kwa Shemasi Moss. Sawa. Moss alipenda watoto." Alikaa mpaka mwisho wa ibada yetu, saa tatu nzima, asielewe neno, akipiga makofi akiachwa kidogo na ngoma.

Nilimwambia habari ya kiboksi. Alifikiri, akasema, "Ni hichohicho ninachotia alama mimi. Basi tuko humo wawili." Siku ile alikuwa ameleta karatasi ya bati yenye mboga zilizochemshwa na nyama ya moshi, na mkate wa mahindi. Mboga zilikuwa kama lengalenga, mchicha wetu, iliyopikwa na mtu mwenye subira. Mkate nikamwambia kwamba kwetu huo ni bugali, ila mtu amekosea akatia sukari, akacheka mpaka akashika kofia. Jumapili iliyofuata nilimletea sombe. Alikula yote, akauliza ni majani ya nini, nikasema ya muhogo, akasema bibi yake mzaa mama angependa kuyaonja, huyo ambaye hakuna aliyejua alitoka wapi hasa. Sijui kama ulikuwa urafiki. Aliyenizidi umri kwa nusu karne siwezi kumwita rafiki, ni kumkosea heshima. Lakini nilikuwa nakunja mashuka siku sita kwa ajili ya ile siku ya saba.

Kosa letu lilianza kwa mapenzi. Watu wetu walikuwa wanaongezeka, kila mwezi familia mpya kutoka kambini, na akina mama wakawa wanapika katika chumba cha chini ya kanisa kabla ya ibada. Nilikuwa nikimenya ndizi nilipowasikia. Mama mmoja alisema, "Muko munaona ule mama muzee? Tunamuacha kule nyuma, karibu na mulango, sawa mukimbizi." Wakacheka, maana sote mle tulikuwa wakimbizi, kisha wakanyamaza, maana ilikuwa kweli. Kwetu mzee haketi nyuma. Mzee aliyeketi mlangoni peke yake ni mtu ambaye ukoo umemsahau, na aibu ni ya ukoo. Mzee Wilondja aliitwa, akasikiliza mikono nyuma. "Bon," akasema, "haiko muzuri. Kanisa ni yake, sisi ni bageni, na mugeni njo iko anakala mbele? Tutamutafutia kiti." Wakachanga, wakapata katika duka la vitu vya mitumba kiti kikubwa chekundu chenye mikono, wakakiweka mbele kabisa, karibu na mke wa mchungaji. Kisha Mzee akanigeukia. "Feza, wewe unajua Kingereza, na anakupenda. Utamuambia."

Nilijua. Mtu pekee kati ya watu wote wale aliyejua kwamba benchi lile halikuwa tupu ni mimi. Nilifungua mdomo. Nikaona akina mama wamenitazama, na shemasi amenitazama, na kwetu msichana hamkosoi shemasi mbele ya sufuria za watu. Ningependa iishie hapo, lakini kuna jingine: nilifurahi kutumwa. Mwaka mzima hakuna aliyekuwa amenihitaji kwa lolote isipokuwa mashuka. Nikapanda ngazi.

Miss Loretta alinisikiliza, akatazama kile kiti chekundu kule mbali. "Wao ndio wanataka?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Ni heshima kubwa kwetu."

"Na wewe, Feza, unaonaje?"

"Naona ni vizuri," nikasema.

Akachukua mkoba wake na kitabu chake cha nyimbo, akapitisha mkono mara moja juu ya ile mbao iliyong'aa, akatembea kwenda mbele. Akina mama wakapiga vigelegele. Alikaa kwenye kiti chekundu, mgongo wima, kofia ya zabibu haitikisiki, na mabenchi yote yakawa nyuma yake. Jumapili ya pili alikuja akaketi hivyohivyo. Katikati ya juma lile vijana wa kwaya wakaona benchi la nyuma sasa halina mtu, wakalifungua skrubu ili wapate nafasi ya spika mpya, wakaliegemeza nje kwenye ukuta. Jumapili ya tatu alifika mlangoni, akaona spika, akageuka akarudi kwenye gari lililomleta. Ya nne hakuja. Kiti chekundu kilikaa kitupu, na Mzee Wilondja akasema labda anaumwa, tumuombee.

Nilikwenda kwake Jumatatu, mabasi mawili. Alinifungulia akanikaribisha jikoni, chumba chenye meza ya watu wawili na kalenda tatu ukutani, zote za kampuni za mazishi. Akaniwekea chai yenye barafu. Hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema, "Kule nyuma nilikuwa nawaona wote. Ninapokaa mbele naona ukuta." Nikasema watu wetu walitaka kumheshimu. "Najua," akasema. "Wao hawakujua. Wewe ulijua."

"Nilijua," nikasema, nikaanza kulia.

Alisubiri nimalize. Akanipa kitambaa cha vyombo nijifute. "Basi mwambie yule mzee wenu alirudishe benchi," akasema. "Jumapili hii. Nitakuja." Nikamwahidi. Nilimwahidi nikiwa nimeshika mkono wake, nikatembea mpaka kituo cha basi nikiwa mwepesi, nikijifunza maneno nitakayomwambia Mzee Wilondja, ya heshima lakini ya kweli. Na Mzee, wakati huo huo, alikuwa ameketi na mama yangu sebuleni kwetu, akimweleza kwamba binamu yetu wa Columbus amepata nafasi za kazi kwenye ghala, wawili kwa pamoja, nyumba ipo, gari linaondoka Jumamosi. Nilimtazama Mzee amekaa pale anakula karanga, anatutakia heri, anasema kila mtu anamwambia kwamba Feza ni mtoto mwenye adabu. Nikajiambia nitamwambia kesho, halafu Alhamisi. Ijumaa nilifunga masufuria kwenye shuka. Jumamosi tuliondoka, na Jumapili ile, saa nane mchana, nilikuwa Whitehall, pembeni ya Columbus, napanga vyombo katika kabati la nyumba ya kupanga, nikijua kwamba kule Louisville kuna mtu amevaa kofia yake.

Sikumpigia simu. Wiki ya kwanza niliona aibu, na aibu ukiilaza kwako mwaka mmoja inakuwa mwenyeji. Miaka ya Columbus ilipita hivyo, Whitehall, kisha Northland, duka la Waafrika kila baada ya taa ya barabarani pale Morse Road, unapata sombe iliyogandishwa, samaki wa Tanganyika, mtu wa kukusuka. Sikuwa mpweke wa watu. Nilikuwa na tabia moja tu ambayo mume wangu aliicheka: kila kanisa nililosali nilijifunza nani anaketi wapi. Na nikaona tunavyofanya yaleyale. Huyu kaenda Iowa kwenye viwanda vya nyama, yule Texas, wale Buffalo kwa sababu nyumba ni rahisi. Hakuna aliyetufukuza, au tulifukuzwa zamani sana na bado tunakimbia. Nilipohamia Buffalo mimi pia, sina shaka mahali pangu kanisani pale Morse Road palipata mtu Jumapili ileile.

Nilifika Louisville Jumamosi, baada ya kulala Columbus. Kibao cha kanisa sasa kimeandikwa kwa Kiswahili. Nje, kwenye viti vya plastiki, wanaume wetu walikuwa wameketi tangu Jumanne wakifanya kilio kama ilivyo desturi, na mpwa wa Miss Loretta, bibi wa makamo aliyetoka Atlanta na viatu vizuri, aliniuliza kwa upole, baada ya kusikia Kiingereza changu, kama watu hawa wana nia ya kwenda nyumbani. Nikamwambia watakwenda wakishazika. Akasema shangazi yake alikuwa wa mwisho wa wale wa zamani. Wenzake wote walitangulia. Hakuniuliza mimi ni nani kwake, nikamshukuru Mungu.

Mzee Wilondja anatembea na fimbo sasa. Nilimwinamia, na kabla hajaniuliza habari za watoto nikamwambia yote, pale kwenye ngazi: benchi, ahadi, karanga. Alisikiliza mikono nyuma, kama zamani.

"Njo leo tu unaniambia," akasema.

"Ndiyo, Mzee. Unisamehe."

"Alikuya, unajua? Ile Jumapili yenye mulienda. Alikuta benchi ingali inje. Hakukuwa mutu wa kutafsiria. Donc, akakala kwa ile benchi, palepale inje, mu baridi. Tuliimba, tukahubiri, tukatoka, tukamukuta angali amekala, amekamata mukoba. Mimi njo nikaelewa." Akatikisa kichwa. "Tukaibeba sisi wane, akiko anatugombeza mu Kingereza mupaka ndani. Ile kiti ya mwekundu tulimupatia mutu. Hakutoka kwa benchi yake tena mupaka juzi."

Miss Loretta alikuwa ameifanya peke yake ile kazi yangu, kwa kukaa tu. Nikaingia.

Watu walikuwa wamejaa, watu wetu, mpaka kwenye kuta, watoto wamepakatwa. Sikumtambua hata mmoja. Wale wa wakati wangu wamekwenda Iowa, Texas, Buffalo. Jeneza lilikuwa mbele, pale kilipokuwa kile kiti. Na nyuma karibu na mlango benchi lilikuwa palepale, lina watu, lakini limeachwa mapengo mawili. La kwanza, la dirishani, lilikuwa lake na la Earl, mbao inang'aa. La pili lilikuwa kule mwishoni, kwa Verna. Nikapita magoti ya watu nikaenda kuketi kule kwa Verna, na mama mmoja wa zamu, mwenye utepe mweupe kifuani, akanigusa bega.

"Mama, pole. Pale kuko mutu."

"Nani?" nikauliza.

"Mi simujue. Nilikuta alishaenda. Miss Loretta hakukubalia mutu akale pale, hata kanisa ijae. Alijua maneno mbili ya Kiswahili, njo ile: kuko mutu. Banasema ni ya Feza. Alienda Columbus."

Kwaya ilikuwa imesimama. Nilitaka kumwambia ni mimi, nikaona watu wa benchi wamenitazama, kama siku ile ya ndizi. Nikamwomba aniruhusu niketi mpaka mwenyewe afike.

Akanitazama, akaangalia jinsi kanisa lilivyojaa, akakubali kwa kichwa. "Bon," akasema. "Lakini akifika utamupisha."

"Nitampisha," nikasema, nikaketi.